Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Maana za Neno Hesabu

Utangulizi

Neno hesabu ni miongoni mwa maneno ambayo Waswahili huyatamka kila siku bila ya kuupima uzito wake. Mwanafunzi huenda darasani kusoma hesabu. Mwenye duka hufunga hesabu jioni kabla ya kushusha milango. Msimamizi wa mali ya yatima hudaiwa atoe hesabu. Mtu asiyethaminiwa na wenziwe husemwa kuwa hayumo katika hesabu, na neema isiyo na mpaka huitwa neema isiyo hesabu. Juu ya hayo yote, muumini hukumbushwa tangu utotoni kuwa iko siku ya hesabu. Neno ni moja, na mzizi wake wa Kiarabu ni mmoja, lakini matumizi yake yameenea kutoka sokoni hadi mahakamani, na kutoka chuoni hadi kaburini.

Upana huu wa maana si wa Kiswahili pekee. Katika Kilatini, neno calculus lilimaanisha kijiwe, kwa kuwa Warumi walihesabu kwa vijiwe. Kutokana na kijiwe hicho kulipatikana jina la tawi la hisabati lililoasisiwa katika karne ya 17 na Newton wa Uingereza na Leibniz wa Ujerumani, ambalo kwa Kiswahili limetoholewa kuwa kalkulasi. Matabibu nao wamelichukua neno hilo hilo la Kilatini kuwa jina la vijiwe vya figo na la ukoga unaoganda menoni. Katika Kiarabu, kitenzi cha kudhibiti idadi kina mzizi mmoja na neno la changarawe. Kiswahili nacho kina kitenzi kukokotoa, na sikio la msemaji halikosi kusikia kokoto ndani yake. Inaelekea kwamba mwanadamu, popote alipo, alianza kuhesabu kwa kuokota kijiwe na kukiweka kando ya kijiwe chenziwe.

Wako watu ambao maisha yao huonyesha jinsi maana hizi zinavyoshikamana. Mmoja wao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa. Aghalabu wanafunzi wa Kiswahili hulikuta jina lake pembeni mwa historia ya magazeti au historia ya maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kisha wakapita. Aghalabu pia hutajwa kwa ajili ya mwanawe, Profesa Ali Mazrui, ambaye sifa zake zilivuka bahari. Hata hivyo, Sheikh Al-Amin alikuwa mwalimu, mhariri, mwandishi na kadhi ambaye kazi zake zote zilizunguka jambo moja: kuitaka jamii yake ijihesabu yenyewe kabla ya kuhesabiwa na wengine.

Kuzaliwa na Malezi

Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui alizaliwa Mombasa mwezi wa Januari 1891, mwaka 1308 kwa hesabu ya Hijria. Ukoo aliozaliwa ndani yake ulikuwa umeitawala Mombasa kwa takriban karne nzima, hadi mwaka 1837 ambapo Sayyid Said bin Sultan aliutwaa mji na kuuingiza katika himaya yake. Baada ya hapo, Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, haikuwa tena makao ya Mamazrui. Waliobaki mjini walilazimika kutafuta heshima yao kwa njia nyingine, na kwa baadhi yao njia hiyo ilikuwa elimu.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mmoja wa wanavyuoni wakubwa wa Mombasa katika nusu ya pili ya karne ya 19, naye alishika ukadhi. Alifariki mwaka 1894, wakati mwanawe hajatimiza miaka minne. Kwa mujibu wa hesabu za sheria, mtoto huyo alikuwa yatima: mtu ambaye mali yake huwekwa mikononi mwa mwingine hadi apevuke, na msimamizi akadaiwa kila kilichoingia na kila kilichotoka. Al-Amin alilelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali bin Khamis Mazrui, aliyekuwa naye mwanachuoni na kadhi. Mlezi huyo ndiye aliyemwonyesha njia ya kwanza ya elimu.

Miaka ya utoto wake ilikuwa miaka ya mageuzi makubwa katika pwani. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid Mazrui aliingia katika vita na Waingereza, vita vilivyomalizika mwaka 1896 kwa yeye kukimbilia upande uliotawaliwa na Wajerumani. Mwaka huo wa 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na kufikia mwaka 1901 reli ilikuwa imefika ukingo wa Ziwa Viktoria. Kwa hivyo, kabla ya Al-Amin kutimiza miaka sita alikuwa amempoteza baba, jamaa zake walikuwa wameshindwa vitani, na mji wake umefunguliwa mlango wa bara ambao ungebadilisha kila kitu, kuanzia bei ya ardhi hadi lugha ya ofisini.

Masomo ya Mombasa na Unguja

Mji wa Kale ambamo Al-Amin alikulia ulikuwa na hesabu zake hata kabla ya shule za serikali. Siku ilianza kwa kuchwa kwa jua, na saa zilihesabiwa kutoka machweo na macheo. Miezi ya dini ilifuata mwezi mwandamo, hivi kwamba mwaka wa Hijria ulipungua kwa takriban siku 11 kila ulipolinganishwa na mwaka wa jua. Mabaharia na wakulima nao walikuwa na mwaka wao wa jua ulioanzia Nairuzi, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha zikaongezwa siku tano ili zitimie 365. Kwa mwaka huo walijua wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuta chombo pwani. Washairi kwa upande wao walijua hesabu ya abjadi, ambayo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya tarakimu. Mtoto wa mji huo hakuhitaji kuambiwa kuwa hesabu ina sura nyingi.

Baada ya msingi alioupata Mombasa, Al-Amin alisafiri kwenda Unguja, ambako katika zama hizo ndiko kulikokuwa kitovu cha elimu ya Kiislamu katika Afrika Mashariki. Huko alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumait (1861–1925), kadhi mashuhuri aliyekuwa na asili ya Hadhramaut na Ngazija, na kwa Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu aliyekuwa na madrasa mtaani Ukutani. Miongoni mwa elimu ambazo mwanafunzi wa fikihi wa madhehebu ya Shafii hawezi kuzikwepa ni elimu ya mirathi, ambayo ni nusu sheria na nusu hisabati. Ikumbukwe kuwa Al-Khwarizmi wa Baghdad, alipoandika kitabu chake cha aljebra katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na urithi. Hesabu za juu na ugomvi wa ndugu juu ya nyumba ya marehemu vilizaliwa karibu karibu.

Pamoja na masomo ya jadi, Al-Amin alisoma maandishi ya wanamageuzi wa Misri. Fikra za Jamal al-Din al-Afghani na Muhammad Abduh, pamoja na zile za Rashid Rida katika jarida la Al-Manar, zilimfikia na kumgusa. Wanamageuzi hao walishikilia kuwa udhaifu wa Waislamu haukutokana na dini yao, bali na kuacha kwao kutumia akili, elimu na juhudi ambazo dini hiyo imeziamrisha. Sheikh Al-Amin aliichukua hoja hiyo, akaitafsiri kwa hali ya Mombasa. Hakuiga Misri neno kwa neno. Alitazama mitaa yake mwenyewe akauliza nini kimeongezeka na nini kimepungua.

Kalamu Yake: Sahifa na Al-Islah

Mwaka 1928 mkutano wa wawakilishi wa serikali za Afrika Mashariki ulifanyika Mombasa, na katika mkutano huo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita, lugha ya mji uleule ambamo mkutano ulifanyika, kiliachwa. Mnamo Januari 1930 Kamati ya Lugha ilianza kazi yake ya kusanifisha Kiswahili kwa hati za Kirumi. Katika mwaka huo huo wa 1930, Sheikh Al-Amin alianza kutoa gazeti dogo aliloliita Sahifa. Liliandikwa kwa Kiswahili cha Mombasa, kwa hati za Kiarabu. Hakuna haja ya kudai kuwa alikusudia kuijibu Kamati. Inatosha kuona kwamba katika mwaka mmoja kulikuwa na mizani mbili za kuhesabu ni Kiswahili kipi kinachofaa kuandikwa, na nani mwenye haki ya kukiandika.

Sahifa ilikuwa fupi, lakini maudhui yake yalikuwa mazito. Sheikh aliwahutubia watu wa mji wake kwa lugha wanayoielewa, juu ya mambo wanayoyaona: upungufu wa elimu, uvivu, utengano wa makabila na koo, israfu katika harusi na matanga, na kuiga mavazi na ulevi wa Wazungu badala ya kuiga bidii na mipango yao. Alihimiza elimu ya wasichana wakati ambapo wazazi wengi waliiogopa. Alishikilia kuwa elimu ya dunia, hesabu na sayansi zikiwamo, haipingani na dini. Kwa fikra yake, jamii isiyojua hesabu za dukani na za shambani itafanyiwa hesabu na wageni, na wala haitajua imepunjwa wapi.

Hoja hiyo haikuwa ya nadharia tupu. Katika maisha ya msomaji mmoja wa Sahifa, sarafu ilikuwa imebadilika mara mbili: rupia iliondolewa mwaka 1920 ikaja florini, na kufikia mwaka 1922 florini nayo ikatoa nafasi kwa shilingi, mbili kwa florini moja. Ardhi nayo ilikuwa imeingia katika hesabu mpya. Sheria ya hati za ardhi ya pwani ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi alete madai yake yaandikwe. Ambaye hakujua utaratibu huo, au aliyetegemea ushahidi wa majirani na minazi aliyoipanda babu yake, alikuwa katika hatari ya kukuta shamba lake limeandikwa kuwa la Serikali. Aliyepata hati naye alijikuta na kitu kipya mkononi, yaani karatasi inayoweza kuuzwa. Uuzaji wa ardhi ulienea, na fedha iliyopatikana ikatumika upesi. Hasara ya namna hii haionekani kwa siku moja. Hukusanyika kidogo kidogo kama ukoga wa jino, hadi siku mwenyewe atakapohisi maumivu.

Baada ya Sahifa, Sheikh Al-Amin alitoa gazeti kubwa zaidi, Al-Islah, mwaka 1932. Hili lilitumia Kiswahili na Kiarabu, na jina lake lenyewe lilimaanisha matengenezo. Kwa kutumia Kiarabu lilijiunga na mazungumzo ya ulimwengu wa Kiislamu. Kwa kutumia Kiswahili halikuwaacha nyuma watu wa Mji wa Kale. Gazeti hilo halikudumu, kwani mwaka 1933 ulikuwa mwisho wake. Akihesabiwa kwa umri wa magazeti yake, Sheikh hakufanikiwa. Lakini makala zake hazikupotea. Mwaka 1944 baadhi yake zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi, jina ambalo kwa w yake linahifadhi matamshi ya Mombasa. Kitabu hicho kiliendelea kusomwa kwa miongo mingi baadaye, na hatimaye kilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya wasomi wa dunia nzima.

Kwa wanaisimu, liko jambo jingine la kuzingatia. Hati za Kiarabu zilipotumiwa kuandika Kiswahili zilikuwa na upungufu unaohesabika. Irabu fupi za Kiarabu ni tatu ilhali irabu za Kiswahili ni tano. Kiarabu hakina herufi za sauti kama p, v na ch. Msomaji wa hati za zamani alilazimika kukisia, hivi kwamba neno moja lililoandikwa liliweza kusomwa kwa namna kadhaa. Sheikh Al-Amin alijaribu kuziba pengo hilo kwa kuongeza alama na herufi ili kila sauti ya Kiswahili ipate umbo lake. Hii ilikuwa kazi ya mwanafonolojia, ijapokuwa haikuitwa hivyo. Hati za Kirumi zilishinda kwa nguvu ya shule na Serikali, na mfumo wake haukuenea. Hata hivyo, jaribio lake linathibitisha kuwa usanifishaji wa Kiswahili haukuwa kazi ya kamati za kikoloni peke yake.

Kiti cha Kadhi

Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Cheo hiki kilimweka mahali pagumu. Mtu aliyewahimiza watu wake wasiwe vivuli vya wageni, sasa alikuwa akikalia kiti kilichokuwa chini ya Serikali ya wageni. Tena kiti chenyewe kilikuwa kimepunguzwa. Mamlaka ya kadhi, ambayo hapo awali yaligusa mambo mengi ya mji, yalikuwa yamebanwa na Waingereza hadi yakabaki hasa katika ndoa, talaka na mirathi. Angeweza kukataa uteuzi na kubaki na kalamu yake. Alikubali, akashika mizani ndogo iliyobaki. Uamuzi huo unaweza kupimwa kwa namna mbili: kuwa ni kukubali kupunguzwa, au kuwa ni kukataa kuiacha sehemu ya mwisho ianguke mikononi mwa asiyeijua. Kazi zake zinaunga mkono kipimo cha pili zaidi, kwani hakuacha kuandika wala kusomesha.

Katika mirathi ndiko neno hesabu linakokutana na machozi. Mafungu yaliyowekwa na Qurani ni sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Chukua mfano wa mtu aliyefariki akaacha mke, mama, mwana wa kiume na binti. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akipata mara mbili ya binti. Mali hugawanywa kwanza mafungu 24: mke matatu, mama manne, yakabaki 17. Lakini 17 haigawiki kwa tatu, kwa hivyo mafungu yote huzidishwa mara tatu yakawa 72. Hapo mke hupata 9, mama 12, mwana 34 na binti 17, na jumla hutimia 72 bila ya kubaki hata kijiwe kimoja.

Kuna nyakati ambapo mafungu huzidi mali yenyewe. Mwanamke akifariki akaacha mume na dada wawili wa baba na mama, mume ana nusu na dada wana thuluthi mbili, na vikijumlishwa hupita kitu kizima. Wanavyuoni walilitatua tatizo hili kwa njia iitwayo auli: badala ya kumpa mmoja haki yake kamili na kumnyima mwingine, mafungu sita hufanywa saba, mume akapata matatu na dada manne, na kila mmoja akapungukiwa kwa kiasi cha fungu lake. Hii ni hisabati, lakini pia ni maadili. Inasema kwamba pale ambapo haki za watu zimezidi kilichopo, upungufu nao ni mali ya wote na sharti ugawanywe kwa uadilifu.

Ugumu mkubwa zaidi ulitokana na hali ya kisiwa. Nyumba ya mawe ya Mji wa Kale haiwezi kukatwa mafungu 72. Iwapo kila mrithi ataacha warithi wanne walio sawa, basi baada ya kizazi kimoja kila mtu ana robo, baada ya vizazi viwili ana sehemu moja ya 16, na baada ya vitatu sehemu moja ya 64. Fungu la mtu mmoja huendelea kupungua likikaribia sifuri, ilhali jumla ya mafungu hubaki moja. Mwanafunzi wa kalkulasi hulitambua wazo hili mara moja, kwani elimu hiyo imejengwa juu ya vipande vinavyopungua bila ya kikomo na jumla isiyopotea. Tofauti ni kwamba darasani jumla hubaki salama. Mjini, mwenye fungu dogo huona halimfai kitu, akaliuza. Anayenunua mafungu madogo mengi huishia kuwa na nyumba nzima, na jina la ukoo likabaki katika kumbukumbu tu. Kwa sababu hiyo, kadhi hakuwa mtu wa kujumlisha na kugawanya peke yake. Kila mgao wa haki ulikuwa pia hatua katika historia ya mtaa, na dawa ya hasara hiyo haikuwa kuvunja sheria ya mgao bali kuwafanya warithi wawe na elimu na kazi, ili wasilazimike kuuza.

Mwalimu na Mwandishi

Sheikh Al-Amin aliamini kuwa shule ndiyo hazina isiyogawika kwa urithi. Alijihusisha na madrasa Mombasa ambamo aliwataka watoto wafundishwe kwa utaratibu, kwa madarasa na vitabu vinavyolingana na umri wao, badala ya kukariri tu bila ya kufahamu. Aliandika vitabu vya masomo ya dini kwa ajili ya watoto na vingine kwa ajili ya watu wazima, akaanza pia kufasiri Qurani kwa Kiswahili, kazi ambayo sehemu zake zilichapishwa baada ya kufa kwake. Aliandika vilevile kwa Kiarabu historia ya watawala wa Kimazrui wa Mombasa. Historia hiyo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, na imekuwa marejeo muhimu kwa wanaotafiti karne za 18 na 19 za mji huo. Kuandika habari za ukoo ulioshindwa, bila ya kutaka kuurudisha madarakani, nako ni kutoa hesabu.

Wanafunzi wake wawili walikuja kuwa nguzo za uandishi wa Kiswahili. Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982) wa Unguja aliifasiri Qurani yote kwa Kiswahili, akashika kiti cha Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1968. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui (1912–1982) naye alikuwa Kadhi Mkuu kabla ya Farsy, na katika miaka ya 1970 alitoa gazeti la Sauti ya Haki. Wote wawili waliendeleza mtindo wa mwalimu wao wa kuandika mambo mazito kwa Kiswahili cha kueleweka. Si watu wote waliokubaliana na mageuzi haya. Wako masharifu na masheikh walioona kuwa baadhi ya desturi zilizokosolewa zilikuwa ndizo zilizowaunganisha watu, na mjadala huo uliendelea kwa miongo mingi baada yake. Mwandishi wa maisha ya Sheikh hana budi kuuweka upinzani huo nao katika hesabu.

Kufariki kwake

Sheikh Al-Amin alifariki Mombasa tarehe 1 Aprili 1947, mwaka 1366 Hijria. Kwa kalenda ya ofisini aliishi miaka 56. Kwa kalenda ya msikitini aliishi karibu miaka 58. Maisha ni yale yale, lakini mizani mbili zilizokuwa zikiutawala mji wake zilimhesabia umri tofauti.

Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa na umri wa miaka 14. Kama Ali Mazrui alivyosimulia baadaye, baba yake alikusudia kumpeleka Al-Azhar nchini Misri akawe mwanachuoni wa dini. Mauti yaliibadilisha njia hiyo. Kijana huyo aliajiriwa kwanza katika taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kufunguliwa rasmi mwaka 1951, ambamo vijana wa pwani walifundishwa ufundi na elimu za kisasa. Taasisi hiyo baadaye ilikuwa chuo cha ufundi, na mwaka 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Sheikh hakuiona. Lakini jambo alilolihimiza katika Sahifa, kwamba mtoto wa Kiislamu asome ufundi na hesabu bila ya kuiacha dini yake, lilipata jengo miaka michache tu baada ya kufa kwake.

Hitimisho

Maisha ya Sheikh Al-Amin yanaonyesha kuwa maana za neno hesabu hazikutengana kwa bahati mbaya, wala hazikukutana kwa bahati njema. Aliyejifunza kugawa mirathi alijifunza pia kuwa kila fungu lina uso wa mtu. Aliyehesabu irabu za Kiswahili akaziona zimezidi hati zilizopo, alizitafutia alama. Aliyewataka watu watazame matumizi yao ya harusi na matanga, aliwataka pia wajiulize watajibu nini siku watakapoulizwa. Siku hizi hisabati husomwa katika chumba kimoja na fasihi katika kingine, na mwanafunzi wa Kiswahili huweza kumaliza shahada yake akidhani kuwa kazi ya lugha ni semi na vina tu. Sheikh huyu anaonya dhidi ya mgawanyo huo, kwani kwake lugha ilikuwa chombo cha jamii kujipima.

Mwaka 2014 Profesa Ali Mazrui alifariki nchini Marekani. Mwili wake ulirejeshwa Mombasa, akazikwa katika makaburi ya Mamazrui yaliyo mkabala na Ngome ya Yesu. Mwana aliyekosa kwenda Al-Azhar alikuwa ameandika na kusomesha duniani kwa zaidi ya nusu karne, na wasia wake ulikuwa arudishwe katika ardhi ya ukoo. Fungu hilo la ardhi ya Mji wa Kale halikuwa limeuzwa.